Barua ya wazi kwa viongozi wa chama chetu cha mpira Kigoma: okoeni madaftari ya Mzee Katibu

Ujiji, Kigoma

Kwa Mwenyekiti, Makamu Mwenyekiti, Katibu, Mhazini na wajumbe wote wa Kamati ya Utendaji ya chama chetu cha mpira wa miguu.

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: MADAFTARI YA USAJILI NA MATOKEO YALIYOTUNZWA NA KATIBU WETU WA ZAMANI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nawasalimu kwa heshima. Wakubwa zangu shikamooni. Wadogo zangu, habari za majukumu. Chama sikitaji kwa jina, na kiongozi hata mmoja simtaji, kwa kuwa siandiki ili mtu aaibike mbele ya watoto wake. Mnajijua, na wanamichezo wenzangu kuanzia Ujiji, Mwanga na Gungu mpaka Kibirizi wataelewa nazungumzia nini. Nilitaka jambo hili tulimalize ndani kwa ndani. Nimeandika barua tatu, nimezileta kwa mkono, na nakala zangu zina muhuri wa kupokelewa. Ofisini nimefika mara nne. Mara ya mwisho niliambiwa nisubiri kikao. Kikao kikakaa, na jambo langu halikuwa kwenye ajenda. Ndiyo maana leo nabisha hodi nikiwa barabarani.

Yote yalianzia kwenye karanga. Jioni moja pale Mwanga nilinunua karanga za kukaanga za shilingi mia tano. Mama muuzaji akazimimina kwenye karatasi aliyoikunja kama pembe. Nilipozimaliza nikaikunjua karatasi niitupe, macho yakatua kwenye mwandiko. Wino wa bluu, herufi zimelala upande wa kulia, kila "k" ina mkia mrefu. Mwandiko ule naujua kama ninavyoujua wa marehemu baba yangu. Juu ya ukurasa palikuwa na tarehe, jina la uwanja na majina ya timu mbili; chini yake wachezaji kumi na moja huku, kumi na moja kule. Mbele ya majina mawili kulikuwa na msalaba mdogo wa wino mwekundu, alama ya mfungaji. Pembeni ameandika: "Mvua kubwa dk. 61, refa kasimamisha. Mpira wa kuazima shuleni umerudishwa, umeachia mshono mmoja." Mafuta ya karanga na chumvi yalikuwa yameloweka sehemu ya majina ya timu ya pili.

Nikarudi kwa yule mama. Chini ya meza yake kulikuwa na rundo la karatasi za namna ile, kanunua kwa kilo kutoka kwa kijana wa mkokoteni. Yeye hana kosa lolote, anatafuta riziki. Nilinunua zote alizobakiwa nazo, nikaenda kuzihesabu nyumbani. Zilikuwa 43.

Wajumbe wengi wa kamati ya sasa ni vijana, na pengine hawamfahamu mtu ninayemsema. Mjini tunamwita Mzee Katibu mpaka leo, ingawa ukatibu aliuacha siku nyingi. Ni mzaliwa wa hapa Ujiji. Alianza na chandimu kwenye mchanga wa ufukweni, mpira wa matambara uliofungwa kwa kamba. Miaka ya 60 alikuwa fulubeki wa timu ya wafanyakazi wa reli: mchana yuko stesheni anapima mizigo, jioni yuko uwanjani. Hakulipwa hata senti kwa kucheza. Ule ulikuwa mpira wa ridhaa hasa. Ukishinda unapewa chai na mkate, ukivunjika mguu unauguzwa na mama yako. Viatu vilikuwa vya kupokezana, jozi moja watu wawili, na asiye na zamu anacheza peku. Goti lake lilipoharibika akatundika daluga. Wenzake wengi walipotundika za kwao walikwenda kukaa jukwaani kumlaumu refa. Yeye akaenda kununua daftari la kaunta na kalamu mbili, ya bluu na nyekundu.

Alikuwa katibu kwa zaidi ya miaka 20, bila mshahara. Kwenda Mwandiga kusajili timu alitumia baiskeli yake. Kwenda vijiji vya mwambao alipanda boti za abiria pamoja na magunia ya dagaa, daftari kalifunga kwenye mfuko wa nailoni na kulivaa kifuani ndani ya shati, ili boti ikipata dhoruba liwe la mwisho kulowa. Mimi nilimkuta hapo. Nilianza kwa kukata tiketi mlangoni, baadaye nikawa mhazini msaidizi, na kila hesabu ya mapato niliyompelekea aliisoma mara mbili kabla ya kuiandika. Shilingi moja ikipungua hatulali.

Ngoja nieleze siku moja tu, ili vijana wapime wenyewe madaftari yale yalikuwa na kazi gani. Ilikuwa baada ya nusu fainali. Timu ya reli, timu yake mwenyewe aliyoichezea, ilikuwa imeshinda. Wapinzani wakakata rufaa kwamba winga wa reli ni mamluki, yaani hakusajiliwa kihalali. Usiku ule mashabiki wa pande zote mbili wakajaa nje ya nyumba ya Mzee, na wengine mikononi wana mawe. Akatoka na kandili. Akaweka daftari juu ya kigoda, akafunua ukurasa wa usajili, akawaita manahodha wote wawili wainame wasome wenyewe. Winga yule alikuwa ameandikishwa siku tatu baada ya usajili kufungwa. Mzee akasema, kwa sauti ile ile anayosomea ratiba, kwamba reli imepoteza mchezo. Akafunga daftari. Watu waliangusha mawe wakaondoka. Marafiki zake wa reli hawakumwamkia kwa muda mrefu sana, na najua ilimuuma, kwa sababu ndio waliokuwa wakimtembelea jioni.

Na kuna jambo lingine ambalo ndilo hasa lililonikosesha usingizi. Sisi ni watu wa mpakani. Burundi iko hapo, Kongo iko ng'ambo ya ziwa, na mtu wa Kigoma kuulizwa baba yako kazaliwa wapi si jambo geni. Kuna kijana fundi pikipiki aliyekuwa akihangaikia kitambulisho cha taifa. Baba yake alishafariki, cheti cha kuzaliwa hakuacha. Akatakiwa alete maandishi yoyote ya zamani yanayoonyesha kwamba baba yake aliishi hapa. Alipokwama kote akamkumbuka Mzee, kwa kuwa nyumbani kwao walikuwa wakisimuliwa kwamba baba alikuwa golikipa. Mzee akaja naye ofisini, tukafungua tranka, na haikuchukua hata nusu saa. Jina la baba, jina la babu, kijiji, dole gumba, na picha ndogo ya pasipoti iliyobandikwa kwa gundi. Kijana yule hakuwahi kuona picha ya baba yake akiwa na umri huo. Aliigusa kwa kidole akasema, "Masikio ni yangu." Tulitoa fotokopi, ikaingia kwenye faili lake pamoja na ushahidi mwingine.

Sasa nawaletea malalamiko yangu.

1. Kumbukumbu za chama zimetupwa bila kikao, bila orodha na bila mtu kuandika hata mstari mmoja. Nimeuliza kwa wanaolinda jengo na kwa mafundi. Ofisi ilipokuwa inapakwa rangi, matranka mawili ya bati yalitolewa nje yakanyeshewa. Moja lilifunguliwa, karatasi zikauzwa kwa kilo, na bati lenyewe likaenda na mwenye bahati yake. La pili bado lipo. Nimeliona kwa macho yangu kwenye stoo ya nyavu, chini ya mifuko ya chokaa ya kuchorea uwanja, kufuli limekatwa na paa la stoo linavuja juu yake. Katiba yetu wenyewe inamtaka katibu atunze kumbukumbu zote za chama. Mali ya chama haiuzwi bila idhini ya kikao, iwe kiti, iwe goli, iwe karatasi. Nimeuliza fedha ya zile kilo iliingia kwenye kitabu gani. Sijajibiwa.

2. Waliotangulia wamefutwa. Kijitabu mlichogawa kwenye mashindano yaliyopita kina ukurasa wa historia, na historia hiyo inaanza na uongozi ulioingia juzi. Hakuna jina la mwenyekiti wa kwanza, hakuna wachezaji wa miaka ya 60 na 70, hakuna Mzee. Msimu wa 2023/24 timu ya Mashujaa ya hapa Kigoma ilipoingia Ligi Kuu, na Simba na Yanga zikaja kucheza Uwanja wa Lake Tanganyika, kila mtu alitaka kujua Kigoma ilikuwa inacheza mpira gani kabla ya hapo. Ilikuwa nafasi yetu ya kujibu kwa majina na tarehe. Majibu yenyewe wakati huo yalikuwa ndani ya matranka, umbali wa hatua kumi kutoka kwenye meza ya katibu.

3. Kosa hili linaendelea hadi leo. Matokeo ya ligi yetu ya msimu uliopita yalikuwa kwenye simu ya mtu mmoja. Simu ikaibwa, matokeo yakaenda nayo. Mtoto aliyefunga mabao mengi kuliko wote hawezi kupata hata barua ya kumthibitisha aende nayo kwenye majaribio ya timu kubwa. Nimekutana na mama yake. Sikuwa na cha kumwambia.

4. Mzee yuko hai, na hakuna aliyekwenda kumuuliza kitu. Macho yana mtoto wa jicho, kusoma hawezi tena, lakini kumbukumbu yake ni nzima. Tangu aumwe hajatembelewa na kiongozi hata mmoja wa chama alichokibeba mgongoni.

Najua mtakavyojibu, kwa sababu mengine nimeshajibiwa kwa mdomo.

Mtasema usajili siku hizi uko kwenye mfumo wa mtandao, karatasi za zamani hazina kazi. Mfumo ni jambo zuri na ninaunga mkono. Lakini mfumo unamjua mchezaji aliyeingizwa humo. Baba wa yule fundi pikipiki hayumo, wala hataingia.

Mtasema karatasi hizo ni za Mzee binafsi. Mkisema hivyo, basi mmeuza mali ya mtu bila kumwambia, na hilo ni baya zaidi. Ukweli ni kwamba madaftari aliyanunua kwa fedha yake mwenyewe na akayakabidhi kwa chama siku alipoacha ukatibu. Nilikuwepo. Yalikabidhiwa kwa saini.

Mtasema ile Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka ya mwaka 2002 inazihusu ofisi za umma na siyo vyama vya mpira. Sawa. Sikuja na askari. Naomba mfanye kwa hiari jambo ambalo ofisi za umma zinalazimishwa na sheria.

Kiongozi mmoja aliniambia, tena kwa upole, kwamba mpira wa Kigoma una shida kubwa kuliko karatasi: hakuna mipira, hakuna nauli, waamuzi wanadai. Nimeifikiria sana hoja hiyo, kwa sababu ni ya kweli na msemaji ni mtu ninayemheshimu. Lakini timu zetu zinakosa wafadhili kwa sababu gani? Mfadhili anauliza: mna timu ngapi, mmecheza miaka mingapi, watazamaji wangapi, mapato kiasi gani. Majibu ya maswali hayo ndiyo Mzee alikuwa akiyaandika kila Jumapili jioni. Anayeomba fedha bila kumbukumbu anaomba sadaka.

Na wapo wanaosema mzee wa Ujiji na daftari lake si mtu wa kuandikiwa barua ndefu. Hapa naomba mnivumilie kidogo, maana ndugu zangu, mpira huu tunaoupenda umejengwa na watu wa aina yake.

Charles Alcock alizaliwa Sunderland, Uingereza, mwaka 1842. Alikuwa mchezaji wa ridhaa. Mwaka 1870 akawa katibu wa Chama cha Soka cha Uingereza, FA, na akaishika kazi hiyo hadi 1895. Tarehe 20 Julai 1871 alipendekeza yaanzishwe mashindano ya kombe. Timu 15 zikajiandikisha, na Machi 1872 yeye mwenyewe, akiwa nahodha wa Wanderers, akalitwaa kwa kuifunga Royal Engineers 1-0 pale Oval, London. Tena tangu 1868 alikuwa akihariri kitabu cha kila mwaka cha soka chenye kanuni, timu na matokeo. Sasa sikilizeni: kombe lenyewe, lile la kwanza, liliibwa dukani Birmingham mwaka 1895 na halikuonekana tena mpaka leo. Kombe limepotea, maandishi yamebaki. Kwa sababu ya maandishi tunajua, baada ya miaka zaidi ya 150, kwamba mfungaji wa bao lile alikuwa Morton Betts, na kwamba siku ile aliandikishwa kwa jina la bandia, A. H. Chequer. Huko wanamjua hata aliyecheza kwa jina lisilo lake. Sisi fainali yetu ya miaka 15 iliyopita nani anaweza kumtaja mfungaji bila kubishana?

Yidnekachew Tessema wa Ethiopia ni wa karibu zaidi na sisi. Alizaliwa Jimma mwaka 1921, akachezea Saint George ya Addis Ababa na timu ya taifa, akaifundisha Ethiopia ilipotwaa Kombe la Afrika mwaka 1962. Alikuwa miongoni mwa waliokutana Khartoum mwaka 1957 kuianzisha CAF, shirikisho la soka la Afrika, na kuanzia 1972 hadi alipofariki 1987 ndiye aliyekuwa rais wake. Muda wote huo alishikilia kwamba Afrika Kusini ya ubaguzi haitakanyaga uwanja wa Afrika. Alikuwa pia katika mapambano ya kudai nafasi ya Afrika kwenye Kombe la Dunia; mwaka 1966 bara zima likagoma, na kufikia 1970 tukapata nafasi yetu moja ya uhakika. Vita vile vilipiganwa mezani, kwa barua, kanuni na kumbukumbu za vikao. Hapa nyumbani tunaye Leodegar Tenga, nahodha wa Taifa Stars iliyocheza fainali za Afrika Nigeria mwaka 1980, ambaye baadaye akawa rais wa shirikisho letu la soka, TFF, kuanzia 2004 hadi 2013. Mchezaji akihamia kwenye uongozi anakuja na kitu ambacho asiyecheza hana: anajua jina linaloandikwa pale ni la mtu aliyetoka jasho.

Kama kipimo chenu ni fedha, basi mwaka 2011 hati za zamani za klabu ya Sheffield ya Uingereza, kongwe kuliko zote duniani, zikiwemo kanuni zilizoandikwa kwa mkono na watu wa ridhaa waliokuwa wakicheza baada ya kazi, zilinadiwa London kwa paundi 881,250. Sisemi madaftari yetu yatauzwa bei hiyo, wala sitaki yauzwe. Nasema wapo wanaojua thamani ya karatasi ya kwanza.

Hata sisi watu wa Ujiji tunajua, tukitaka. Mnara wa Livingstone uko pale, na wageni wanalipa kiingilio kuuona. Kwa tarehe aliyoiandika Stanley, alimkuta Livingstone hapa kwetu tarehe 10 Novemba 1871. Livingstone mwenyewe, kwa maradhi na uchovu, alikuwa amepoteza hesabu ya siku. (Mechi za kwanza za lile kombe la Alcock zilichezwa kesho yake, 11 Novemba. Nilipomweleza Mzee hili alicheka, akaniambia niandike pembeni ya ukurasa.) Nikipita pale mnarani huwa nawafikiria wapagazi waliobeba mizigo ya msafara ule kutoka pwani mpaka ziwani. Wengi wao majina hayajulikani, kwa kuwa aliyekuwa na daftari hakuona haja. Wachezaji wetu wa miaka ya 60 walikuwa na mtu aliyeona haja. Tukiwapoteza sasa, hatuna mgeni wa kumsingizia.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, naomba yafuatayo.

(a) Tranka lililobaki litolewe kwenye stoo ndani ya siku 14 tangu barua hii kutoka, mbele ya mashahidi watatu, mmoja wao awe mchezaji wa zamani. Kila daftari liandikwe kwenye orodha, liwekewe namba na kuanikwa kivulini, na orodha ibandikwe ubaoni.

(b) Kila ukurasa upigwe picha. Sihitaji bajeti. Nina vijana wanne wa sekondari waliojitolea na simu zao, na mwalimu mmoja atawasimamia. Nakala zikae sehemu tatu tofauti: chama, halmashauri kwa afisa michezo, na maktaba ya shule mtakayoichagua.

(c) Chama kitangaze sokoni Mwanga, Gungu na Kibirizi, hata kwa kipaza sauti cha bajaji, kwamba karatasi zile zinanunuliwa kwa bei ile ile ya kilo. Fedha ya kuanzia nitatoa mimi.

(d) Kijitabu cha mashindano yajayo kiwe na majina ya waliotangulia, viongozi na wachezaji, kadiri tutakavyoyapata.

(e) Wajumbe wawili waende kwa Mzee na kinasa sauti, wakae naye, wamsikilize. Waende asubuhi, jioni anachoka. Wasiende na bahasha. Waende na sukari kama mtu anavyomtembelea mzazi.

(f) Kuanzia msimu ujao matokeo yaandikwe kwenye daftari la chama na kusainiwa na kamisaa wa mchezo siku ile ile, pamoja na hayo ya kwenye simu.

Sidai posho wala cheo, na Mzee hadai fidia. Nilimuuliza kama angependa nimwombee chochote. Alifikiri, akasema baiskeli yake ilibaki ofisini na kama bado ipo apewe kijana yeyote wa kusambaza ratiba.

Jumamosi ya pili baada ya barua hii nitakuwa nje ya geti la ofisi saa nne asubuhi, na mkokoteni, turubai na wale vijana wanne. Mkitufungulia, kazi tutaanza siku hiyo hiyo.

Wakati huo zile karatasi 43 ziko kwangu, nimezilaza kati ya magazeti makavu. Jioni huwa nakwenda kumsomea Mzee moja moja. Juzi nilimsomea ile ya karanga. Majina yaliyolowa yalikuwa matano. Alifumba macho, akaanza kuwapanga uwanjani kwa vidole juu ya mkeka, golikipa hapa, mafulubeki hapa, na manne akayataja, na majina ya baba zao. La tano, winga wa kushoto, bado analitafuta. Anayelijua aje.

Wako katika mpira,

Aliyekuwa mhazini msaidizi wa chama,
Ujiji, Kigoma

Nakala: Wachezaji wote wa zamani na familia zao.